Uzoefu wangu: kula Barabara ya 75 Chicago, na namna ya kuagiza

Ukiulizia migahawa ya Wamarekani Weusi mjini Chicago, utatumiwa orodha ya sehemu arobaini zilizotapakaa mji mzima, na njaa haitakusubiri uimalize. Mimi naelekeza watu barabara moja tu: ya 75, mashariki ya barabara ya State, huko South Side, upande wa kusini wa mji. Namba za majengo Chicago huhesabiwa kuanzia State, mia moja kwa kila bloku, na bloku 8 ni maili moja. Soul Veg City, ya chakula kisicho na nyama, iko namba 203, Lem's Bar-B-Q, ya nyama choma, namba 311, na Brown Sugar Bakery, ya keki, namba 328. Zote tatu unazizungukia kwa miguu bila kutoka jasho. Kwa treni panda njia ya Red Line, shuka kituo cha 79th, tembea bloku 4 kaskazini na kama 3 mashariki. Weka dakika 20, na wakati wa baridi vaa vizuri maana foleni ikijaa ndani inamalizikia nje.

Utaratibu ni keki kwanza, nyama mwisho. Keki inavumilia kukaa. Nyama ya Lem's ikishafungwa, saa imeanza kuhesabu.

Lem's ilifunguliwa mwaka 1954 na ndugu wa ukoo wa Lemons waliohamia kutoka Indianola, Mississippi, kama maelfu ya Weusi waliopanda treni kutoka Kusini kutafuta kazi Chicago. Hakuna meza za kukalia: unaagiza dirishani, unafungiwa, unaondoka. Kinachofaa kuangalia wakati unasubiri ni jiko. Wenyeji huliita aquarium, kwa sababu ni sanduku kubwa la vioo vizito na chuma, kama tangi la samaki. Moto wa kuni uko chini, nyama juu kwenye wavu, moshi umefungiwa ndani. Gesi hamna. Mafuta yakidondokea makaa, ulimi wa moto unapanda ghafla, na mchomaji anaufyatulia maji ya mpira kidogo tu: moto unashuka, mvuke na moshi vinapanda. Akizidisha maji, anapoza jiko na nyama inatoka kama imechemshwa. Akichelewa, inashika uchungu wa masizi. Kazi nzima iko katika kujua pa kusogeza kipande na lini.

Agiza rib tips. Ni vile vipande vya ncha vinavyokatwa mbavu zinaponyooshwa ziwe za mstatili, vyenye gegedu na mafuta mengi. Zamani vilikuwa vya bei ya kutupa katika mji uliokuwa na machinjio makubwa, na ndiyo maana vikawa chakula cha mtaa huu. Mtu anayetarajia mfupa mnyoofu wa kushika mkononi atalalamika. Hapa unang'ata, unatema gegedu, unaendelea. Ukitaka kujaribu vyote, omba tips na link pamoja, link ikiwa ni soseji yenye pilipili. Mfuko mdogo unawatosha watu wawili wasio na fujo.

Jambo ambalo wageni wengi hukosea ni sosi. Kwa kawaida chipsi zinatangulia chini, nyama inalala juu yake, sosi inamwagwa juu ya vyote, halafu slesi za mkate mweupe. Usiutupe huo mkate, kazi yake ni kunyonya sosi na mafuta, na kwangu ndio kipande bora cha mwisho. Lakini kama safari yako inazidi dakika kumi, sema mapema "sauce on the side", yaani sosi iwekwe kando, na useme kabla mfungaji hajashika kijiko. Chipsi zilizolowa robo saa ni uji. Chaguo la ukali ni mild (isiyo kali), hot (kali) au mchanganyiko. Mchanganyiko unanifaa, maana hot peke yake inafunika moshi, na moshi ndio ulioulipia.

Kwa wasiokula nguruwe: mbavu na tips ni nguruwe, na soseji ihesabu ni nguruwe mpaka uambiwe vingine. Nenda Soul Veg City, iliyopo tangu miaka ya 1980, ya African Hebrew Israelites, jamii ya kidini ya Weusi wanaojihesabu kuwa uzao wa Waisraeli wa kale, na hakuna nyama, maziwa wala yai humo ndani. Sandwichi ya BBQ Twist ni ngano iliyokandwa na kuoshwa mpaka ikabaki protini yake, kisha ikapakwa sosi. Ina mng'ato. Mwenye matatizo na ngano aiache kabisa. Mboga za majani hapa ziko vizuri kuliko ile makaroni yao ya jibini isiyo jibini, ambayo kwangu ni ya kuzoea.

Keki ya karameli ya Brown Sugar Bakery, duka la Stephanie Hart, ndiyo ya kununua. Karameli ya Kusini mwa Marekani ni sukari, siagi na maziwa ya kopo vilivyopikwa taratibu, na mpakaji ana dakika chache tu kabla haijaganda. Ikipakwa ikiwa moto mno inatiririka mpaka sahanini, ikichelewa inararua keki. Angalia kipande ubavuni: karameli nzuri ina ngozi nyembamba iliyokauka kwa nje na ulaini chini yake, bila chembe za sukari ulimini. Kamala Harris alipopita hapo Aprili 2021, akiwa makamu wa rais, alichukua keki ya German chocolate. (German ni jina la mtu, Ujerumani haihusiki.) Si mbaya, ila alipitwa.

Harold's Chicken Shack, ya kuku wa kukaanga, iliyoanza 1950, ina matawi mengi South Side na ubora unatofautiana tawi kwa tawi, kwa hiyo muulize mkazi namba ya tawi, usiulize jina. Kuku anakaangwa ukishaagiza, dakika 15 hadi 20, kwa desturi katika mchanganyiko wa mafuta ya ng'ombe na ya mimea. Sema "half dark, fried hard, salt and pepper, mild sauce": mapaja na miguu, yakaushwe sawasawa, chumvi na pilipili manga, na sosi tamu nyekundu ya Chicago.

Kuhusu pesa, maana ndiko kuliko kuiunga mkono migahawa hii. Programu za kuletewa chakula huwakata wenye migahawa asilimia 15 hadi 30 ya oda. Niliwahi kuletewa mbavu kwa programu mojawapo: zilifika zimepoa, chipsi zimekuwa tope, na hasira zinamwendea mpishi asiye na kosa. Piga simu dukani, nenda mwenyewe, beba taslimu hata kama wanapokea kadi. Kodi inapita asilimia 10, iongeze kichwani kabla hujafika dirishani, na bakshishi iache hata kama unafungiwa. Kila Februari kuna wiki ya migahawa ya Weusi Chicago, iliyoanza 2016, yenye ofa nzuri. Ila wiki hiyo watu wanakuwepo hata usipoenda. Jumatano ya Machi yenye theluji ndiyo siku duka linapohitaji mteja. Piga simu kwanza, maana siku za mwanzo wa wiki baadhi hufunga.

Tips zilizobaki usizitie maikrowevu, gegedu linakuwa raba. Zifunike kwa karatasi ya foili na kijiko kimoja cha maji, ovena nyuzi 150 za Selsiasi, dakika 20, sosi uitie mwishoni.