WITCH au Duma: uanze na ipi?

Mtu akiniomba albamu ya roki ya Afrika ambayo wengi hawajaisikia, nasita kati ya mbili: Lazy Bones!! ya bendi ya WITCH wa Zambia (1975), na Duma ya vijana wawili wa Nairobi, iliyotolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2020. (Usimfikirie mnyama, jina ni la Kikuyu, giza.)

Kwa kuzoeleka haraka, WITCH wanashinda. Gitaa linakwaruza na kulia, lakini besi inakushika mkono, na Jagari Chanda anaimba bila papara. Hata ukiwa jikoni inakwenda. Duma haisongewi ugali: ngoma za kompyuta zinamiminika kama mvua ya mawe juu ya bati, na katikati yake mtu anapiga mayowe. Mara ya kwanza nilizima wimbo wa pili. Mara ya tatu nilishindwa kutulia kitini.

Vifaa? WITCH wanavumilia spika ya simu. Duma bila hedifoni nzuri ni kelele tupu.

Santuri za kwanza za Zamrock, yaani roki ya Zambia ya miaka ya sabini kama hii ya WITCH, ni ghali mno. Tafuta toleo jipya.

Ukitokea kwa mpiga gitaa Jimi Hendrix, anza na WITCH. Ukitokea kwa Napalm Death, bendi ya metali ya kasi na mayowe, Duma.