Filta za Infraredi kwa Picha za Mandhari: Ipi Ununue Kwanza Ukiwa Kisumu, Nakuru au Kericho

Wapiga picha wengi wa mandhari huku kwetu hurudisha kamera mkobani ifikapo saa nne asubuhi na kuitoa tena jua likikaribia kutua. Wana sababu. Jua la utosi hupausha anga, na majani hutoka na kijani kizito kisicho na uhai. Picha za infraredi, mwanga ambao jicho halioni, kinyume chake zinalitaka jua hilohilo. Saa tano mchana, wengine wakiwa kivulini, mashamba ya chai ya Nandi Hills hutoka meupe pe, anga nyeusi, na mawingu yakaonekana kila mkunjo wake. Sisi tunaoishi karibu na mstari wa ikweta tuna jua kali la mchana karibu mwaka mzima, na aina hii ya picha inatufaa kuliko tunavyodhani. Ndiyo maana nataka uianze kwa filta sahihi, maana sokoni ziko nyingi ambazo hazitakufikisha popote.

Jicho la mtu huona mwanga wa takriban nanomita 400 hadi 700 (nanomita ndiyo kipimo cha urefu wa mawimbi ya mwanga). Infraredi inaanzia hapo kwenda juu, na sensa ya kamera ina uwezo wa kuiona hadi karibu 1100. Jani bichi halinyonyi infraredi. Klorofili huiacha ipite, na tishu za ndani ya jani huirudisha nje kwa wingi, basi jani hai linang'aa. Mti mkavu haung'ai hivyo. Ukisimama juu ya Baboon Cliff katika Mbuga ya Ziwa Nakuru utaona miti iliyokufa baada ya maji kupanda miaka ya 2010, na nyuma yake migunga iliyo hai. Katika picha ya infraredi kundi la kwanza hutoka kijivu kilichokolea na la pili jeupe, hata mpaka wa maji ulipofika unaweza kuufuata kwa kidole. Anga hutoka nyeusi kwa sababu infraredi haitawanyiki hewani kama mwanga wa buluu, na maji nayo huinyonya. Si jambo jipya: mwanafizikia Mmarekani Robert W. Wood alichapisha picha za namna hii mwaka 1910.

Kabla ya kutoa hata shilingi

Kila kamera ya dijitali ina kioo chembamba mbele ya sensa kinachozuia infraredi. Kamera nyingine huzuia karibu yote, nyingine huvujisha kiasi. Filta unayotaka kununua haiongezi infraredi. Kazi yake ni kuzuia mwanga wa kawaida tu, ili kile kidogo kinachovuja kibaki peke yake. Kwa hiyo ipime kamera yako kwanza.

Chukua rimoti ya TV, ingia kwenye chumba chenye giza, elekeza kichwa cha rimoti kwenye lenzi na ubonyeze kitufe bila kukiachilia. Tazama skrini ya kamera. Ukiona nukta inang'aa, kuna infraredi inayopita. Kama kamera yako ni ya zamani na skrini yake haionyeshi picha kabla ya kupiga, piga ya sekunde mbili na uitazame. Nukta ikiwa hafifu usikate tamaa, kwa kuwa rimoti nyingi hutoa mwanga wa karibu nanomita 940, na huko ndiko kioo cha ndani huzuia zaidi. Usipoona chochote kabisa, ruka moja kwa moja hadi nafasi ya tatu katika orodha yangu hapa chini.

Kama unatafuta kamera ya mtumba kwa kazi hii, Nikon D70 ya mwaka 2004 na D40 ya mwaka 2006 zinajulikana kwa kuvujisha infraredi nyingi. Megapikseli ni 6 tu, lakini kwa picha ya kuchapishwa ukubwa wa kawaida au ya mtandaoni zinatosha.

Nafasi ya kwanza: nanomita 720, ya kioo, ya kuzungusha kwenye lenzi

Ukinunua filta moja tu maishani, iwe hii. Namba 720 ina maana kwamba mwanga ulio chini ya hapo huzuiwa karibu wote. Inayojulikana zaidi ni Hoya R72, na hiyo ndiyo naipa namba moja. Kioo chake ni kizuri na kipimo chake hakibadiliki kutoka kipande kimoja hadi kingine. Ukiipata ya mtumba isiyo na mikwaruzo, ichukue bila wasiwasi, filta haina kitu cha kuzeeka ndani.

Naipendelea 720 kwa sababu inaacha rangi kidogo. Picha ikitoka kwenye kamera itakuwa nyekundu yote, usishtuke. Weka mizani ya weupe (white balance), yaani rangi ambayo kamera itaihesabu kuwa nyeupe, kwa kupiga nyasi zilizo juani, na majani yatageuka meupe huku anga ikiwa ya kahawia. Kisha katika GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, badilisha mkondo wa nyekundu na wa buluu: kila mmoja uchukue nafasi ya mwenzake. Anga inakuwa buluu na miti inabaki na weupe wenye dhahabu kidogo. Ukitaka nyeusi na nyeupe, toa rangi umalize. Filta moja, mitindo miwili.

Piga RAW daima, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata. Ukitumia Lightroom, programu ya Adobe ya kuhariri picha, utakuta kipimo cha mizani ya weupe kinaishia kelvini 2000 upande wa chini, na infraredi inataka chini ya hapo. Adobe wana programu ya bure ya kutengeneza wasifu wa kamera, DNG Profile Editor, inayotatua hilo. NX Studio ya Nikon na Digital Photo Professional ya Canon, zote za bure, husoma mizani uliyoiweka kwenye kamera yenyewe, na kwa anayeanza ndiyo njia fupi.

Sasa ukubwa. Ukitazama mbele ya lenzi utaona alama ya duara lililokatwa na namba pembeni. Lenzi nyingi za 18-55 za Canon ni milimita 58, za Nikon ni 52 au 55, na lenzi kubwa ni 67, 72 au 77. Usinunue filta ya lenzi uliyonayo leo. Nunua ya 77, kisha nunua pete za chuma za kuunganisha: 52 kwenda 77, 58 kwenda 77. Pete ni bei ya chini sana ikilinganishwa na filta, na siku utakapopata lenzi nyingine hutanunua filta upya. Kasoro yake ni kwamba kofia ya lenzi ya kukinga jua (hood) haitaingia tena, na infraredi huingiza mng'ao haraka jua likiwa upande. Kinga lenzi kwa kofia yako ya kichwani au kipande cha karatasi ngumu.

Nafasi ya pili: 720 ya bei nafuu

Zomei na Neewer huuza 720 kwa sehemu ndogo ya bei ya Hoya. Picha ni nzuri kuliko bei inavyodokeza. Tatizo liko kwenye uhakika, kwani kati ya filta za bei ya chini kuna zinazopitisha wekundu zaidi ya zilivyoandikwa, na pete zake wakati mwingine hukwama kwenye lenzi. Kwa mwanafunzi, au kwa mtu anayetaka kujua kama infraredi itamkaa moyoni, hii inatosha kabisa. Hakikisha ni kioo. Plastiki itakwaruzika mkobani kabla mwezi haujaisha.

Nafasi ya tatu: kamera iliyogeuzwa

Hapa fundi hutoa kile kioo cha kuzuia infraredi na kuweka kingine. Hata ukitumia 720, picha itachukua sehemu ndogo ya sekunde, unapiga bila tripodi, upepo si neno. Ungeuliza ubora peke yake, hii ingekuwa namba moja. Nimeiweka ya tatu kwa sababu ya gharama: maduka yanayoaminika, kama Kolari Vision na Life Pixel, yako Marekani, na ukijumlisha kazi, usafirishaji na forodha unaweza kupita bei ya kamera yenyewe. Ukienda njia hii chagua kamera isiyo na kioo cha kupindua (mirrorless), kwa kuwa hupima fokasi kwenye sensa yenyewe na haikosei. Tena tafadhali, usiifungue mwenyewe kwa kufuata video. Kapasita ya flashi, kifaa kinachoihifadhia umeme, hubaki na umeme mwingi hata betri ikiwa imetolewa, na inaweza kukuumiza vibaya.

Nafasi ya nne: 850

Nyeusi na nyeupe safi, anga nyeusi zaidi, hakuna rangi. Inapendeza sana, lakini kwa kamera ya kawaida muda wa kupiga unakuwa mrefu mno. Inunue baadaye.

Nafasi ya tano: 590 na 665

Hizi ndizo zinazotoa majani ya dhahabu na anga ya samawati unayoona kwenye picha nyingi mtandaoni. Kwa kamera iliyogeuzwa tu. Kwenye kamera ya kawaida mwanga mwekundu utaizidi nguvu infraredi, na utapata picha nyekundu isiyo na lolote.

Zisizofaa kwa anayeanza: zile za kubadilisha kipimo kwa kuzungusha, zinazodai kutoka 530 hadi 750, ambazo huacha madoa na mistari; 950, ambayo kwayo kamera ya kawaida haioni karibu kitu; na za kubana kwenye simu, kwa sababu kamera kuu za simu nyingi huzuia infraredi kwa ukali.

Tripodi na lenzi ni sehemu ya manunuzi

Kwa kamera isiyogeuzwa, f/8 (ukubwa wa tundu la lenzi) na ISO 400 (wepesi wa sensa kupokea mwanga) kwenye jua kali, tarajia sekunde chache kwa kamera inayovuja sana na sekunde 10 hadi 30 au zaidi kwa nyingi za sasa. Bila tripodi imara umetupa pesa. Panga picha na fokasi kabla ya kuweka filta, sogeza kitufe cha lenzi hadi MF (fokasi ya mkono), ndipo uizungushe filta taratibu bila kugusa pete ya fokasi. Kama kamera yako ina tundu la kuchungulia la kioo cha kupindua, lifunike, mwanga huingilia nyuma.

Kuna lenzi ambazo kwa infraredi huacha doa jeupe la mviringo katikati ya picha, hata kama kwa picha za kawaida hazina dosari. Doa huzidi ukifunga tundu hadi f/11 au f/16. Jaribu kila lenzi uliyonayo kwa f/5.6, f/8 na f/11 dhidi ya anga tupu kabla ya kusafiri nayo.

Muda huo mrefu ndio unaoamua uende wapi. Miwa ya Muhoroni na Chemelil hucheza kwa upepo mdogo tu na kuwa ukungu. Chai ya Kericho imekatwa fupi na sawa, haitikisiki, ndiyo shule bora ya kuanzia. Kit-Mikayi pale Seme ni nzuri pia: mawe hayaendi popote na mimea iliyoota katikati yake hung'aa. Kwenye kreta ya Menengai, ukungu mwepesi wa vumbi kati yako na ukuta wa mbali hupungua sana, ingawa moshi mzito hautapenya. Pale Dunga magugumaji hutoka meupe juu ya maji meusi, picha ambayo sijaona ikishindwa kumvutia mtu, lakini yanaelea. Nenda asubuhi kabla upepo wa ziwa haujaanza. Upande wa Kisumu na Kakamega mvua hupenda kuja alasiri, kwa hiyo saa tatu hadi saa sita ndizo zako.

Dukani au kifurushi kikifika

Ukiagiza kutoka Nairobi uletewe kwa basi, omba kulipa M-Pesa baada ya kuikagua. Muulize muuzaji waziwazi, "Bosi, hii ni ya nanomita ngapi?" Akijibu tu kwamba ni infraredi, soma maandishi ya ukingoni mwenyewe. Iinue kuelekea dirisha lenye mwanga, kamwe si kuelekea jua, kwa kuwa mboni haijikazi kwa infraredi na jicho linaweza kuungua bila wewe kuhisi. Filta ya kweli ya 720 ni karibu nyeusi, na wekundu hafifu pale penye mwanga mkali tu. Ukiona chumba chote chekundu waziwazi, hiyo si 720. Ukiona kijivu, umepewa filta ya kupunguza mwanga. Mwisho izungushe kwenye pete yako hapo hapo kaunta, mara mbili, uone kama inaingia na kutoka bila kukwama.