Nilitaka kioo tu: mwaka mmoja na monita badala ya runinga janja

Nilipima kwa saa ya simu: sekunde 43. Huo ndio muda ambao runinga yetu janja, yenye umri wa miaka mitatu tu, ilichukua tangu kubonyezwa kitufe cha kuwasha mpaka kuonyesha picha ya king'amuzi. Katikati hapo ilipita nembo ya kampuni, ikaja nembo ya mfumo endeshi, ukaja ukurasa wa mwanzo wenye tangazo la filamu lililokula theluthi nzima ya kioo, kisha ndipo uteremke na rimoti hadi kwenye neno HDMI (tundu la waya unaoleta picha ya king'amuzi), lililotupwa chini kabisa kama mtoto wa kambo. Tulipoinunua haikuwa hivyo, ilikuwa nyepesi. Apdeti ziliingia usiku mmoja mmoja, na kila moja ilituachia kitu ambacho hakuna aliyekiomba.

Aliyelisema vizuri ni mama yangu. Alikuja kukaa nasi wiki mbili, akashika rimoti, akakutana na dirisha linalomtaka akubali masharti mapya ya faragha, akairudisha mezani taratibu. "Mwanangu, televisheni yenu hii ina maswali mengi." Jioni ile nikakaa kuyasoma hayo masharti, jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu siku ya kwanza nilipobonyeza "kubali" ili nitazame mpira.

Humo ndimo nilimokutana na herufi tatu, ACR, yaani utambuzi wa maudhui unaojiendesha wenyewe. Runinga huchukua sampuli za picha au sauti ya kile kilicho kwenye kioo, huzigeuza kuwa alama fupi mfano wa alama za vidole, kisha huzipeleka kwenye seva zilinganishwe na hazina ya vipindi na matangazo yanayojulikana. Mimi nilidhani inafuatilia programu zake yenyewe tu. Sivyo. Mwaka 2024 watafiti wa University College London na wenzao wa Marekani na Hispania walichunguza runinga za Samsung na LG, wakakuta kwamba mawasiliano haya yanaendelea hata pale runinga inapotumika kama kioo cha kifaa kingine kilichochomekwa kwa HDMI. Maana yake hata picha za harusi ulizofungua kwenye laptopu zinaweza kupita kwenye chekeche hilo. Watafiti haohao waliona kwamba ukizima vipengele vyote vinavyohusika, mawasiliano hayo hukoma, ila vipengele vyenyewe vimetawanywa huku na kule. Wala si mambo ya jana. Mwaka 2017 kampuni ya Vizio ilikubali kulipa dola milioni 2.2 huko Marekani, kumaliza kesi ya kukusanya taarifa za utazamaji kutoka runinga milioni 11 bila idhini ya wenyewe.

Niseme wazi kwamba si hofu ya kuchunguzwa pekee iliyonisukuma. Zile sekunde 43 zilinichosha zaidi.

Hatua ya kwanza haikunigharimu hata senti. Niliirudisha runinga kwenye hali ya kiwandani, na ilipouliza nywila ya Wi-Fi nikairuka. Kwa miezi miwili tuliishi na runinga janja isiyo na intaneti, na kwa watu wengi naamini hiyo inatosha kabisa: matangazo yaliisha, apdeti ziliisha, na alama za vidole hazikuwa na njia ya kutokea. Lakini ukurasa wa mwanzo ulibaki palepale, sasa ukiwa na visanduku vya kijivu visivyo na kitu ndani, na kila nilipowasha ulinikumbusha kwamba "hakuna mtandao", kana kwamba nimesahau kulipa bili. Kulikuwa na mpangilio wa kuiamuru ianzie kwenye HDMI ya mwisho iliyotumika. Uliheshimiwa siku nne kati ya saba.

Nikaanza kutafuta kioo kisicho na akili. Mke wangu aliniona nikilinganisha jedwali kwa jedwali usiku kucha, akanikumbusha kwamba mchagua jembe si mkulima. Kweli, lakini jembe lenyewe halipatikani. Runinga zisizo janja bado zipo kwenye saizi ndogo, na ukipanda juu zinaadimika, tena zilizobaki mara nyingi zina kioo duni. Sababu si ngumu kuielewa: runinga janja huendelea kumwingizia mtengenezaji pesa za matangazo baada ya kutoka dukani, kwa hiyo anaweza kuiuza kwa faida ndogo. Ile isiyo janja akishaiuza, imekwisha.

Vile vioo vya matangazo vinavyotundikwa kwenye viwanja vya ndege na mapokezi ya ofisi vilinivutia kwa muda. Vimeundwa kuwaka saa 16 au hata 24 kwa siku, vinang'aa sana, na uso wake hauakisi mwanga wa dirisha. Ila ni vizito, ni ghali kuliko runinga ya saizi hiyohiyo, spika zake ni kama za redio ya mfukoni, na nilipozidi kusoma nikagundua kwamba vingi siku hizi navyo vina mfumo endeshi ndani. Nikaachana navyo.

Projekta niliazima kwa wiki mbili. Usiku ni raha isiyo kifani. Mchana taarifa ya habari iligeuka ukungu, na feni yake ilishindana na msomaji.

Mwishowe nikanunua monita ya kompyuta, inchi 43, ya 4K (kiwango cha picha chenye pikseli kama milioni 8). Chapa yake sitaitaja kwa sababu hadithi hii ni ya aina ya kifaa, wala sitaki mtu akanunue ileile bila kupima chumba chake.

Ninachokipenda ni hiki: nikiwasha, baada ya sekunde tatu kuna picha. Hakuna ukurasa wa mwanzo, hakuna nembo inayocheza. King'amuzi kikiwaka, monita inahisi mawimbi na kuhamia huko yenyewe. Kikizimwa, inaandika kwamba hakuna mawimbi, inasubiri kidogo, inalala. Maandishi yametulia hata ukisogea karibu, na pembe za picha hazikatwi kama runinga nyingi zinavyozikata zisipoelekezwa vingine. Mwanangu anayecheza gemu anasema kitufe na picha "vinaenda pamoja". Nilipomweleza kwamba runinga hupitisha picha kwenye uchakataji mwingi kabla ya kuionyesha, ndipo ucheleweshaji unapozaliwa, alikuwa ameshaondoka.

Sasa shida, maana zipo, na hapa nitachukua muda.

Sauti ndiyo iliyonitoa jasho. Monita nyingi hazina spika, au zina mbili za kuonea huruma. Pia hazina ARC, ile njia ya kurudisha sauti kwa waya wa HDMI ambayo runinga huitumia kuzungumza na saundiba (ile spika ndefu inayowekwa chini ya runinga). Nilinunua saundiba kwanza, nikaichomeka, kimya. Siku tatu nilidhani ni mbovu. Njia zilizobaki ni mbili: tundu la hedifoni nyuma ya monita, ambalo linatoa sauti ya pande mbili tu, au kile kisanduku kidogo kinachotenganisha sauti na picha kabla hazijafika kwenye monita. Nilianza na tundu la hedifoni na spika za kompyuta za zamani. Bado ndizo ninazotumia. Kwa sebule ya watu watano zinatosha, kwa filamu ya vita hazitoshi.

Shida ya pili sikuitegemea hata kidogo, nayo ni chaneli za ubora wa kawaida. Runinga, pamoja na ujanja wake wote, imefundwa miaka mingi kuipendezesha picha hafifu: kuikuza, kuunganisha mistari iliyorushwa kwa zamu, kulainisha chembe. Monita haijui kazi hiyo. Inakuonyesha ilichopewa, na chaneli ya zamani kwenye kioo cha pikseli milioni 8 inatoka kama picha iliyopigwa kupitia chandarua. Dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio ya king'amuzi na kukiambia kitoe 1080p (picha yenye mistari yote kwa pamoja), ili kazi ya kuunganisha mistari kiifanye chenyewe badala ya kuiachia monita. Hali ilinyooka kwa kiasi kikubwa. Haikufika ilipokuwa, na mashabiki wa mpira nyumbani kwangu hawakosi kunikumbusha.

Halafu kuna matundu. Laptopu yangu ya kwanza ilikuwa na HDMI 1.4, ambayo kwa 4K inatoa picha 30 tu kwa sekunde, na mshale wa kipanya ulitembea kama umelewa. HDMI 2.0 inafika 60, na hapo mambo yakatulia. Ukinunua monita ya mtumba uliza pia kuhusu HDCP 2.2, ule ulinzi dhidi ya kunakili. Bila huo, visanduku vya filamu vinaweza kukataa kutoa 4K au kukuachia giza tupu. Na uliza kioo ni cha aina gani. Cha VA kina weusi mzito unaopendeza ukikaa mbele yake, lakini anayekaa pembeni ya kochi anaona rangi zilizochujuka. Cha IPS kinawatendea haki wote, ila weusi wake una majivu. Mimi nilichukua IPS kwa sababu kochi letu ni refu.

Rimoti haikuja nayo. Kuna kijiti kidogo chini ya fremu unachokitafuta kwa kupapasa. Kwa kuwa sauti ninaiongozea kwenye spika na chaneli kwenye king'amuzi, nakigusa labda mara moja kwa mwezi.

Swali ninaloulizwa na kila anayekuja ni hili: sasa filamu za intaneti mnatazamaje? Kwa laptopu, au kwa kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiganja niliyoiwekea LibreELEC, mfumo mwepesi unaofungua moja kwa moja Kodi, programu ya kuchezea video na muziki, kwa ajili ya mafaili yetu wenyewe. Wapo wanaochomeka kimoja cha vile visanduku vya kurushia vipindi, na hapo lazima niseme ukweli: navyo vina matangazo, navyo vinakusanya taarifa. Umeuhamisha ujanja kutoka kwenye kioo ukauweka kwenye kisanduku. Ila tofauti ipo, na kwangu ni kubwa. Kisanduku hakioni kinachopita kwenye tundu la jirani yake. Kikizeeka unakitupa na kioo kinabaki. Kikikukera unakichomoa.

Onyo moja kwa atakayenifuata: zimeingia monita janja. Kwenye picha ya tangazo zinafanana kabisa na za kawaida, na mimi nusura niuziwe mbuzi kwenye gunia. Dalili nzuri ni rimoti. Ukiiona ndani ya boksi ikiwa na vitufe vyenye majina ya huduma za filamu, hiyo ni runinga iliyovaa nguo za monita. Pakua kitabu cha maelekezo kabla ya kulipa na utafute neno Wi-Fi. Lisipokuwepo, endelea.

Ningemshauri kila mtu afanye hivi? Hapana. Kama una runinga janja na inawaka haraka, ichomoe kwenye mtandao, uchomeke unachotaka kutazama, ulale usingizi. Kama unakaa mbali na kioo na unataka inchi 65, monita ya saizi hiyo ni nadra na utalia ukiona bei. Kwa chumba kidogo, kwa anayetumia kompyuta na king'amuzi, kwa mwenye gemu, na kwa mzee asiyependa maswali, ninaipa alama nane kwa kumi. Mbili nimezikata kwa ajili ya sauti na zile chaneli zenye chandarua.

Runinga ya zamani nilimpa mdogo wangu, baada ya kufuta akaunti zetu zote na kuirudisha tena kiwandani, jambo ambalo ukisahau, mwenye kupokea atarithi hata historia ya mlichotafuta. Nilimweleza habari za ACR kwa kirefu, nikamwonyesha ni wapi pa kuizima. Alinisikiliza kwa adabu yote. "Kaka, waache wanitazame nikitazama mpira." Ameiunganisha na Wi-Fi jioni ileile, na kila nikienda kwake lazima tungoje nembo zimalize kupita.