Daktari wa kwenye simu: kwa presha ya mama sawa, kwa homa ya mtoto hapana

Nina hasira na sitaificha. Programu hii ya kumwona daktari kwa simu nimeisifia kwa majirani muda mrefu, ndiyo maana imeniuma zaidi.

Mwanangu wa miaka miwili alichemka usiku, mvua inanyesha, nikaona nianzie kwenye simu. Daktari alipokea kamera yake ikiwa imezimwa. Akauliza umri, uzito, homa imeanza lini, basi. Nikageuza simu nimwonyeshe kifua cha mtoto kinavyopanda na kushuka, akasema, "Haina haja mama, nimeshaelewa." Nikamuuliza, "Daktari, si apimwe malaria kwanza? Sisi tuko Geita huku." Akanijibu, "Mama, daktari ni nani, mimi au wewe?" Akaandika amoksilini na panado, akakata.

Geita! Huku mtoto akipata homa, hata bibi asiyejua kusoma anauliza kama ameshapimwa.

Kulipokucha nikaenda zahanati. Nesi alimvua mtoto shati, akatazama saa ya ukutani na kuhesabu pumzi dakika nzima. Akanieleza kuwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha pumzi 40 kwa dakika, wanahofia nimonia. Wangu hakufika. Kisha akamtoboa kidole, tone la damu kwenye kipimo, na kabla ya dakika 20 kuisha mistari miwili ikaonekana. Malaria. Amoksilini ingemsaidia nini? Akapewa dawa mseto, nami nikaambiwa: akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilala asiamshike, nisipige simu kwa mtu yeyote, nikimbie hospitali.

Niwatendee haki kidogo. Mama yangu yuko Lushoto, ana presha, na daktari wa programu hiihii anamhudumia vizuri sana. Anamkumbusha akae ametulia dakika tano kabla ya kupima, anasomewa namba za kwenye daftari, anamrekebishia dozi. Mama hahangaiki na usafiri kwa ajili ya maongezi ya robo saa. Kwa kazi hiyo nyota nne ni halali yao.

Lakini simu haitoboi kidole. Daktari anayelijua hilo angeniambia neno moja tu: "Mama, huyu apimwe leo, mpeleke." Ningelipa hela ileile na kumshukuru. Kwa hiyo nyota mbili. Na hata hizo mbili naona nyingi, maana nilipolalamika, huduma kwa wateja walinijibu kwamba daktari "alifuata utaratibu". Utaratibu upi wa kumtibu mtoto wa Geita homa bila kipimo, na kumfokea mama yake anapouliza? Nimewaomba waniandikie, wamenyamaza.

Nyota moja. Na mama namtafutia daktari hukohuko Lushoto.