Honda CL72: uzoefu wangu na CB72 iliyovalishwa buti

Tuelewane mapema: CL72 ya 1962 si pikipiki ya motokrosi (mbio za udongo na kuruka matuta) kwa maana ya leo. Ni CB72, ile ya cc 250 ya barabarani, iliyovuliwa stata ya umeme, ikapewa fremu nyingine, rimu za inchi 19, usukani mpana wenye chuma cha kukaza katikati, na ekzosi mbili zilizopandishwa juu upande wa kushoto. Honda waliitengeneza wakiwalenga Wamarekani wa jangwani. Mwaka huohuo Dave Ekins na Bill Robertson Jr. walizikimbiza kutoka Tijuana hadi La Paz, Baja California. Ekins alifika kwa saa 39 na dakika 56. Robertson alifika baadaye, injini yake ya silinda mbili ikivuta kwa moja tu.

Kufika kwa silinda moja si muujiza. Kila silinda ina kabureta yake, koili yake na poinzi zake (swichi ndogo inayokatiza umeme ili plagi itoe cheche), kwa hiyo moja ikifa nyingine haijui. Ndiyo sababu pia wengi huendesha CL72 mbovu bila kutambua, wakilalamika tu kwamba haina nguvu. Iwashe ikiwa baridi, iache dakika moja, kisha dondoshea tone la maji kwenye kila bomba karibu na injini. Maji yakichemka huku na kutiririka kule, umeshampata mgonjwa.

Kilichobadilika hasa ni fremu. CB72 haina bomba mbele ya injini. Injini yenyewe ni sehemu ya mifupa. CL72 ina bomba linaloshuka toka kichwa cha usukani, linagawanyika na kupita chini ya injini, na hapo kuna bamba la chuma la kupokea mawe. Bomba hilo linapita palepale ilipokaa stata, kwa hiyo hapa ni kiki tu. Unapokagua ya kununua, lala chini uangalie: mabomba ya chini yaliyobonyea, nyufa kwenye maungio ya kulehemu, na mashimo ya boliti za lile bamba yaliyopanuka. Halafu soma namba. Ya fremu ianze na CL72, ya injini CL72E. Nyingi zimewekewa injini ya CL77 ya cc 305; zinavuta vizuri kuliko asili, lakini usilipe bei ya asili.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: nunua yenye fremu, tangi na ekzosi kamili hata kama injini imekufa. Spea nyingi za ndani ya injini ni zilezile za CB72 na zinapatikana. Ekzosi ndiyo itakumaliza pesa. Za mwanzo hazikuwa na sailensa ya maana, kelele zake majirani hawasahau, na nyingi zimeoza kwa ndani huku kromu ya nje ikimeta. Gonga bomba lote kwa kifundo cha kidole: zima hulia, bovu hunong'ona.

Injini ni cc 247, pistoni ya mm 54 na mwendo wa mm 54, nguvu farasi 24 kwenye mizunguko 9,000. Namba hiyo ya mwisho ndiyo tabia yake yote. Ni injini ya kupiga kelele, si ya kukokota. Kwenye mchanga mzito ukiiacha ishuke, inazama. Shusha gia mapema na uiache iimbe. Aliyezoea pikipiki ya Kiingereza ya silinda moja ataiona ya ajabu siku ya kwanza.

Kuiweka sawa kuna mpangilio wake, na anayeanza na kabureta atazunguka siku nzima. Kwanza valvu, injini ikiwa baridi kabisa: zungusha mpaka alama ya T ya silinda husika (pistoni iko juu kabisa), hakikisha valvu zote mbili zimefunga, weka nafasi ya mm 0.10 kwa zote. Pili cheni ya kemshafti: legeza nati ya kikazio nyuma ya silinda, acha springi isukume, kaza. Tatu poinzi, mm 0.3 hadi 0.4, kila seti na silinda yake. Ukiweka moja vizuri na nyingine kwa kukisia, injini itatetemeka na utasingizia kabureta. Mwisho sasa, kabureta: skrubu ya hewa anza na mzunguko mmoja kutoka ilipofungwa, halafu hakikisha kebo mbili zinainua silaidi (vizibo vinavyopanda na kushuka ndani ya kabureta) kwa wakati mmoja. Ingiza kidole nyuma ya kila silaidi na mwenzako azungushe mkono wa mafuta taratibu. Kidole kinahisi tofauti ambayo jicho halioni. Plagi ni NGK D8HA.

Oili ni lita 1.5, na ni hiyohiyo inayolainisha klachi. Ukitia ya gari ya kisasa yenye dawa za kupunguza msuguano, klachi itateleza. Hakuna chujio la karatasi. Kuna bakuli linalozunguka na kubandika uchafu ukutani mwake. Kila ukilifungua utakuta tope jeusi gumu kama lami, likwangue lote na ubadilishe pete za mpira. Mimi namwaga oili kila kilomita 1,500, na kwenye vumbi nusu ya hapo.

Breki ya mbele ya CL72 za mwanzo ni dhaifu kuliko ya CB72. Shokapu zina mwendo mfupi: mtaro unavuka, ukiruka tuta unagonga mwisho. Na uzito, karibu kilo 150, ndio unaoitoa kwenye uwanja wa motokrosi. Honda walipotaka kushinda huko kweli walitengeneza CR250M ya stroki mbili, ya 1973, iliyokuwa nyepesi kwa makumi ya kilo. Kwa njia ndefu ya changarawe, hata hivyo, bado naichukua hii.

Vaa suruali nene mguu wa kushoto. Kinga ya joto ya ekzosi inafunika paja la mtu wa wastani. Mwenye miguu mirefu, goti lake linabaki nje, na nailoni ikigusa bomba inaacha doa ambalo hata brashi ya waya haitoi.