Tahadhari Tanga: "dawa ya kufumua manyoya" ya mbwa ni utapeli, na inaunguza

Wenye mbwa wa manyoya ya kujisokota, iwe Poodle, Bichon au machotara wao, kaeni chonjo. Wapo watu wanaopita majumbani Raskazone, Chumbageni na mitaa ya jirani, wengine wanajitangaza kwa picha za WhatsApp, wakiahidi kufumua manyoya yaliyoshikana "bila kunyoa hata kidogo". Wanakuja na chupa isiyo na lebo, wanataka nusu ya hela kabla hawajamgusa mbwa, na wakishaondoka simu haipokelewi tena. Hela inauma, lakini mbwa ndiye anayebaki na vidonda.

Tuanze na kinachowaingiza watu mkenge. Manyoya yakishashikana mpaka kwenye ngozi, hakuna dawa inayoyarudisha. Mbwa wa aina hii hapukutishi manyoya kama mbwa wetu wa kawaida. Unywele uliokufa unanasa ndani ya mizunguko ya ule ulio hai. Kila unywele una magamba madogo yasiyoonekana kwa macho, na manyoya yakilowa na kusuguana magamba hayo yanashikana. Yakikauka, fundo linakaza. Mbwa akiogelea baharini Jumapili, akaachwa ajikaushe mwenyewe barazani na chumvi na mchanga vikiwa bado ndani, siku chache baadaye ana mafundo nyuma ya masikio, kwapani, kwenye kinena, chini ya mkanda wa shingo na katikati ya vidole. Masika hali huwa mbaya zaidi kwa sababu hakauki vizuri. Mbwa mdogo wa miezi 6 hadi 12 naye ni wa kuangaliwa sana: ndio wakati manyoya ya utotoni yanapopisha ya ukubwani, na aliyekuwa anachanwa mara moja kwa wiki bila shida anashikana ghafla mwili mzima. Hapo mwenyewe anashtuka, na aliyeshtuka ananunua chochote.

Sasa hiyo chupa. Mara nyingi ni dawa ya saluni ya kunyooshea nywele za watu, imezimuliwa kwa maji au kuchanganywa na shampuu. Ni ute mweupe mzito wenye harufu ya saluni. Nyingi za dawa hizo zina kostiki, ileile ya kutengenezea sabuni. Kwenye kichwa cha mtu hupakwa kwa dakika chache, ngozi ikiwa imekingwa kwa mafuta, kisha husuuzwa kwa maji mengi. Ndani ya fundo la manyoya ya mbwa haisuuziki. Inanasa pale juu ya ngozi, ambayo ni nyembamba kuliko yetu, na inaendelea kula. Mbwa akijilamba, inaunguza mdomo na koo.

Wengine wanatumia mafuta ya taa. Na wapo wanaotia dawa ya kuogeshea ng'ombe, amitrazi, kwa kisingizio cha kuua kupe. Amitrazi kwa mbwa ipo na inafanya kazi, ila kwa kipimo cha daktari wa mifugo: ile ya asilimia 12.5 huzimuliwa mililita 2 kwa lita 1 ya maji, na manyoya marefu hunyolewa kwanza. Ikizidi, mbwa analegea, mapigo ya moyo yanapungua, anashindwa kusimama. Mwenye mbwa anaambiwa, "Unaona alivyotulia?" Hajatulia, hiyo ni sumu imemzidi.

Utapeli wa pili hauunguzi ila unagharimu zaidi. Mtu anamwogesha mbwa kwanza, anampuliza kwa drayai, anachana juu juu mpaka anaumuka na kupendeza, anapiga picha, anachukua hela. Chini kwenye ngozi mafundo yamebaki, na yale maji yameyakaza kuliko mwanzo. Wiki mbili baadaye yameungana. Kumkamata ni rahisi: kabla hujalipa, chukua kichana cha chuma, kiingize mpaka meno yaguse ngozi, kivute taratibu kuelekea nje. Jaribu nyuma ya sikio, kwapani, mapajani kwa ndani na kwenye shina la mkia. Kikikwama, kazi haijafanyika. Wala usikubali kuonyeshwa mgongoni peke yake, maana mgongo ndio sehemu rahisi kuliko zote.

La tatu ni vidonge vya "kumtuliza", vinavyofichwa kwenye nyama. Hakuna aliyempima mbwa uzito wala kumsikiliza moyo, na kwa joto letu mbwa aliyeleweshwa anashindwa kujipoza kwa kuhema. Dawa ya usingizi ni kazi ya daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari, basi. Ukiona fizi zimekuwa nyeupe au za bluu, usingoje azinduke mwenyewe. Mpeleke kwa daktari mara moja.

Kazi halali ya mbwa aliyeshikana mwili mzima ni kumnyoa, na mnyoaji mwaminifu atakuambia hivyo mlangoni, kabla ya kutaja bei. Atatumia mashine ya kunyolea wanyama yenye bledi namba 10, inayoacha manyoya ya takriban milimita 1.5. Bledi za meno yaliyoachana hazifai kwenye mafundo, kwa sababu ngozi inaingia katikati ya meno na kukatika. Bledi inalazwa bapa kati ya ngozi na fundo, ngozi ikivutwa kwa mkono mwingine ili isikunjike, na inakwenda kufuata manyoya yanakolala. Kila baada ya dakika chache anaigusisha kwenye kifundo cha mkono wake. Ikichoma, anaizima na kuiacha ipoe au anabadilisha. Mashine ndogo ya kinyozi wa watu inapata moto upesi kwenye manyoya haya, ndiyo maana mbwa wengi wanarudi na michirizi myekundu tumboni. Manyoya yakitoka sawasawa, yanavuka kipande kizima kama mkeka.

Mkasi usisogezwe karibu na fundo kamwe. Fundo huivuta ngozi na kuiinua ndani yake, kwa hiyo unachodhani ni manyoya kina nyama. Kwapa, mkunjo wa mbele ya paja, chuchu na kingo za masikio ndipo wanapokatwa zaidi. Mbwa akirudishwa amejazwa poda, ifute uangalie chini yake.

Masikio yanahitaji uangalifu hata kazi ikiwa nzuri. Sikio lililobanwa muda mrefu na mafundo likifunguliwa, damu inarudi kwa nguvu, mbwa anatikisa kichwa, mishipa inapasuka na sikio linavimba kama limejaa maji. Mnyoaji anayejua anayalaza masikio juu ya kichwa na kuyafunga kwa kitambaa laini kisichokaza kwa saa chache. Ngozi iliyokuwa imefunikwa hukutwa nyekundu, pengine ina kupe, majimaji au hata funza. Hiyo si kosa la mnyoaji, ila anapaswa kukuita uione, na mbwa asikae juani siku hizo za mwanzo.

Fundo dogo, ambalo kichana bado kinapita chini yake, mnaweza kulimaliza nyumbani bure. Kijiko kimoja cha kondishena kwenye nusu lita ya maji, nyunyiza kidogo tu, usiloweshe. Shika fundo kwenye shina lake kwa vidole viwili ili ngozi isivutwe, lipasue kwa vidole, kisha chana kuanzia nchani ukirudi ndani. Baada ya hapo mchane mara tatu kwa wiki, mstari kwa mstari mpaka kwenye ngozi, na mpunguze manyoya kila wiki 6 hivi. Kuchana siku zote kunatangulia kuoga. Waelezeni hili na vijana au dada wanaowahudumia mbwa mchana, kwa sababu wao ndio wanaokutana na hawa watu getini.

Kama mbwa ameshapakwa ile dawa, msuuze kwa maji ya bomba yanayotiririka, ya vuguvugu au ya kawaida, dakika 20 kamili, ukifungua manyoya kwa vidole; vaa glavu. Usitie siki wala ndimu ukidhani utaizima: zikikutana na kostiki joto linapanda na kidonda kinaongezeka. Kama ni mafuta ya taa, tumia sabuni ya kuoshea vyombo kwanza. Akiwa amelamba, mpanguse mdomo kwa maji na usimtapishe, kwa dawa ya saluni na kwa mafuta ya taa vilevile, kwa sababu vinaumiza tena vikipanda. Mzuie kujilamba mpaka afike kwa daktari, na chupa iende naye.

Chupa hiyo msiitupe. Piga picha ya vidonda siku hiyohiyo, hifadhi ujumbe na risiti ya muamala wa simu, mwombe daktari aandike alichokiona. Kumsababishia mnyama mateso ni kosa chini ya Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, kwa hiyo mna haki ya kwenda polisi, na afisa mifugo wa kata apewe taarifa. Dawa ya mifugo isiyo na lebo ni suala la TMDA, mamlaka ya serikali inayosimamia dawa na vifaa tiba. Namba ya simu iliyotumika kutapeli itumeni kwa ujumbe kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, ifanyiwe kazi, hata kama mlitoa kianzio tu na fundi hakutokea.