Gari la uwindaji: fungua difu kabla hujafungua pochi

Masika yakikatika, kampuni za uwindaji hutuma watu kufungua barabara za vitalu vya uwindaji kabla msimu haujaanza Julai, na kuanzia hapo simu yangu hailali. Mwaka huu malalamiko yametoka Itigi, Tabora na Songea, na yote yanafanana: "Dada, gari nimelinunua juzi, injini nzima, bodi imenyooka, lakini nikifika spidi sitini difu ya nyuma inalia." Mmoja wao alinunua kwa dalali gari lililowahi kuwa la shirika, akavuka nalo mito, likamgomea porini akiwa na mteja. Fundi alipofungua difu, lile kasha la gia katikati ya ekseli, oili ilitoka na rangi ya chai ya maziwa, yaani ilishachanganyika na maji.

Kwa hiyo leo sizungumzii nguvu za farasi, wala viti, wala redio. Hayo utayakuta kwenye tangazo la kila muuzaji. Nazungumzia gari la kufanyia kazi kwenye mapori ya akiba kama Rungwa, Maswa, Moyowosi au Selous, na nitayapanga magari kwa jinsi ninavyoyaamini mimi. Mimi ni mtu wa Toyota, nalisema hili mapema ili ajaye kunilaumu ajue nilimwambia.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kupiga risasi ukiwa ndani ya gari. Gari linakufikisha kwenye nyayo, linangoja, halafu linaitwa kuja kuchukua nyama. Asubuhi limebeba dereva, mwindaji bingwa, mteja, wasoma nyayo na askari wa wanyamapori, na maji yao na chakula chao. Jioni huenda likarudi na nyati, na dume la nyati hufika kilo 700 na kuzidi. Mzigo wote huo unakalia ekseli ya nyuma, na ndani ya ekseli hiyo ndimo ilimo difu inayozamishwa mtoni kila mnapovuka.

Juu ya nyumba ya difu kuna kidude kidogo chenye kofia. Wanunuzi wengi hawajawahi hata kukitazama. Hicho ndicho kipumulio. Difu ikifanya kazi hupata joto, hewa iliyomo hutanuka na kutokea hapo. Sasa umeendesha saa mbili kwenye vumbi, difu ina moto wa kutoshikika, halafu unaingia kwenye maji. Chuma kinapoa ghafla, hewa ya ndani inanywea, na difu inaanza kuvuta. Kipumulio kikiwa kimezama, kinavuta maji. Kikiwa kimeziba kwa tope, mvuto unahamia kwenye sili, ile mipira inayozuia oili isivuje, za ekseli na ya pinioni, pale propela inapoingia difu, na sili iliyochakaa haina ubishi. Kuziba kuna balaa lake la pili: joto likipanda na hewa ikakosa njia, oili inasukumwa kupita sili za magurudumu hadi kwenye breki. Ukikuta breki za nyuma zimelowa oili, usikimbilie duka la spea kununua sili. Kagua kipumulio kwanza, la sivyo sili mpya nazo zitavuja.

Oili yenye maji haikai tena kati ya meno ya gia. Beringi zinashika kutu, zinachimbika vishimo vidogo, na sauti inaanza. Haitokei siku ile ile mlipovuka. Inaweza kuchukua wiki, hata miezi. Muda huo ndio anaoutumia muuzaji.

Kinachowaponza watu ni mkonga, lile bomba la kupandisha juu njia ya hewa ya injini. Wakiuona umesimama pembeni mwa kioo cha mbele wanaamini gari hilo halina shida na maji. Mkonga unailinda injini isivute maji, basi. Difu mbili, gia boksi na transfa, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, kila kimoja kinapumua kwa njia yake, na nimeona magari yenye mkonga wa bei mbaya huku kipumulio cha difu ya nyuma kimegeuka donge la udongo.

Namna ya kukagua haihitaji mashine. Omba gari lilale usiku mzima mahali tambarare, maana maji ni mazito kuliko oili na yatashuka chini. Asubuhi, kabla halijawashwa, fungua kwanza boliti ya juu ya kujazia, kwenye Toyota ni spana namba 24. Ya juu lazima itangulie: ukimwaga oili halafu ya kujazia ikagoma, umebaki na difu tupu na ugomvi. Kisha legeza ya chini polepole hadi itone. Matone ya kwanza yakiwa maji, au oili ikiwa imepauka, umejua. Na kama oili inang'aa kwa upya wakati chujio la injini ni la enzi na grisi imekauka kila mahali, jiulize kwa nini difu peke yake imehudumiwa wiki hii. Fanya hivyo nyuma na mbele. Mbele, chungulia pia tufe za chuma zilizo nyuma ya magurudumu: grisi iliyokuwa majimaji na kutiririka ina maana sili ya ndani imekufa na oili ya difu imepita.

Dawa yake ni rahisi mno kulinganisha na hasara. Ng'oa kipumulio, funga nipeli ya kuunganishia bomba, vuta bomba la mpira unaostahimili oili hadi juu, wa mbele ndani ya boneti, wa nyuma kwenye kona ya bodi juu ya taa, na mwishoni chomeka chujio dogo la dizeli kuzuia vumbi. Uache mpira ulegee kidogo, kwa sababu ekseli hupanda na kushuka. Gharama yake haifikii ya tairi moja.

Sasa magari yenyewe.

Nafasi ya kwanza ni Land Cruiser 79, pickup ya kabini moja, injini ya 1HZ. Lita 4.2, silinda sita, haina turbo, pampu yake ya dizeli ni ya mitambo. Injini hii ipo tangu 1990 na hakuna gereji kati ya Dodoma na Mpanda isiyowahi kuifungua. Haikimbii, na porini hakuna pa kukimbilia. Nyuma ina springi za majani zinazobeba, tangi ni la lita 130, na kabini moja inakuachia bodi ndefu ya kufunga benchi la juu kwa wasoma nyayo na bado nyama ikapata nafasi. Wengi wananishawishi kuhusu V8 ya dizeli ya lita 4.5 iliyokuja 2007. Ina nguvu kweli. Lakini kambini tunajaza dizeli kutoka kwenye mapipa, na nozeli zake za dizeli, zinazoendeshwa kwa umeme, hazisamehi uchafu ambao 1HZ inaumeza na kuendelea. Mwenye uwezo wa kuchuja kila lita na kubeba nozeli za akiba anunue V8. Mimi sinunui.

Ya pili ni ndugu yake, 78, ile ndefu ya milango miwili nyuma. Kwa kupeleka watu na chakula kambini naipenda sana, na zenye matangi mawili zinabeba lita 180 za dizeli. Kwa kuwinda imefungwa mno: msoma nyayo anahitaji kuona na kushuka bila kusumbuana na milango. Vumbi nalo huingia kupitia mpira wa milango ya nyuma hadi kwenye mikoba ya bunduki. Ukikuta 78 iliyokatwa paa na fundi wa mtaani, angalia nguzo. Bodi iliyokatwa vibaya hupasuka kwenye mawimbi ya barabara.

Ya tatu, Nissan Patrol toleo la Y61 yenye injini ya TD42, nayo ni ya lita 4.2, silinda sita. Ekseli zake ni ngumu, nasema kwa heshima zote, na aliye nayo nzima asishawishiwe kuiuza. Kilichoishusha kwangu ni spea. Arusha na Dar utapata. Ukiwa Tabora utangoja basi.

Ya nne ni Defender 110, hasa ya injini ya 300Tdi. Najua wenyewe watanijia juu. Bodi ya alumini haili kutu, magurudumu yote manne yanasukuma muda wote, na mafundi wazee wanaweza kuifungua gizani. Uzalishaji wake ulikoma Januari 2016, kwa hiyo unayoiona leo ni kuukuu, na sili zake za ekseli zinavuja kiasi kwamba mwenye nayo huzoea. Kuzoea kuvuja ndiko kunakonitisha. Panapotoka oili ndipo panapoingia maji.

Hilux na Jimny ni za bei nafuu na nyepesi. Kwa meneja wa kitalu anayezunguka peke yake zinatosha. Usizipakie nyati.

Kwenye vifaa nitasema machache ninayoyashikilia. Tairi ziwe 7.50R16 zenye tyubu, kwa sababu miba ya migunga haitakuonea huruma, na tairi hiyo unaivua na kuiziba kwa vyuma viwili na mikono yako. Beba mbili za akiba. Kwenye mchanga wa korongo punguza upepo hadi psi 18 hivi kabla hujakwama, na uwe na pampu ya kuurudisha. Winchi ya pauni 9,000 hadi 12,000 ifungwe mbele pamoja na puli, kwa sababu waya ukipitishwa juu ya kabini kwa puli ndio unaompandisha nyati nyuma. Jeki ndefu bila ubao wa kuweka chini ni mzigo tu, itazama kwenye udongo mweusi. Sakafu ya bodi itobolewe matundu ya kutoa damu na maji ya kuoshea, na rafu ya bunduki iwe na kitambaa kinene, maana mtikisiko wa siku nzima unahamisha darubini. Rangi ya gari iwe ya mchanga au kijani kilichofifia. Mbung'o wanavutwa na bluu na nyeusi zinazotembea, na nimeona wateja waliopakiwa kwenye gari la bluu wakiomba kurudi kambini kabla ya saa nne.

Nirudi kwa wauzaji, kwa sababu hapa ndipo nina uchungu. Kwenye yadi gari la porini huoshwa chini kwa mashine ya maji, kisha hupuliziwa rangi nyeusi chesesi nzima, difu na kipumulio vikiwemo. Rangi hiyo huziba kile kidude kabisa. Yaani gari linaharibiwa ili lionekane zuri, na anayelipa ni wewe. Ukiomba kufungua boliti unaambiwa "utavunja sili ya kiwanda," kwenye gari lenye miaka kumi na tano. Kilomita zinarudishwa nyuma. Dalali anachukua chake kwa muuzaji na chake kwako, halafu simu yake haipatikani.

Na bei haishuki. 79 kuukuu inauzwa ghali kiasi cha kumeza unafuu wowote uliotegemea kuupata kwa kununua iliyotumika. Ukiagiza nje unakutana na ushuru wa forodha wa asilimia 25, VAT ya asilimia 18, na tozo ya uchakavu juu yake. Uchakavu huo unaangalia mwaka wa gari tu. Gari lililotunzwa na lililozamishwa mtoni yanalipa sawa, na hilo naliona si haki kwa mnunuzi anayejitahidi kutafuta gari zima.

Ninachowaambia wanaonipigia sasa ni hiki. Kabla ya kulipa hata shilingi ya kushikilia gari, mwambie muuzaji aandike kwenye mkataba wa mauziano kwamba difu zote mbili, gia boksi na transfa zimefunguliwa mbele yako, tarehe, na oili ilikuwaje. Weka sentensi ya pili: difu ikilia ndani ya miezi mitatu, matengenezo ni juu yake. Mwenye gari zima atasaini huku anakuuliza utaanzia kitalu gani. Yule anayeanza kusema ana wateja wengine wanangoja, mwachie hao wateja.